Binti yangu anataka poni wake awe tausi. Nimshonee vipi?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu humu ndani kila mtu ana maoni, na mwenye cherehani ni mimi peke yangu. Binti yangu ana miaka 11 na ana farasi mdogo, poni wa kahawia iliyoiva, kimo chake sentimita 125 hivi ukipima kutoka chini hadi kwenye kinundu cha mabega. Anaitwa Radi, jina ambalo hajawahi kulistahili, maana ni mpole mno. Ukimpiga brashi anasinzia. Jambo moja tu humtoa kwenye upole wake: kitu kinachopepea nyuma yake. Upepo ukipuliza nguo zilizoanikwa, masikio yanageuka, ngozi ya ubavuni inamcheza, na anasogea pembeni hatua mbili tatu kabla hajatulia.

Kuna mashindano yanakuja, na binti amejiandikisha kwenye kundi la poni waliovishwa. Masharti ni mafupi. Vazi lishonwe nyumbani. Mtoto na poni wavae kitu chenye wazo moja. Mzunguko wa kwanza poni aongozwe kwa kamba, wa pili apandwe, lakini kwa kutembea tu, hakuna kukimbia. Majaji watatazama ubunifu, ushonaji na namna vazi linavyomkaa mnyama.

Binti ameshachora. Radi ni tausi aliyefungua mkia, manyoya yamesimama nyuma ya tandiko kwa duara kubwa, na yeye juu ni malkia mwenye joho linaloburura. Baba yake kafurahi kuliko mtoto. Anataka kutengeneza fremu ya waya na kubandika manyoya kwa gundi ya moto. Mjomba mtu kashauri barakoa yenye mdomo wa ndege. Mimi nashona magauni, sare na mapazia, lakini sijapata kuushonea mwili usioweza kuniambia "hapa pananibana". Nilipompitishia Radi futi ya kupimia kiunoni, aligeuka akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima.

Naomba unisaidie. Nipime vipi, nichague kitambaa gani, na nimzoeshe vipi mnyama huyu ili siku yenyewe asimwangushe mtoto? Na kama ule mkia hauwezekani, nitamwambiaje binti? Huyu akisikia hapana, anaona watu wazima wameshikwa na uvivu. Isitoshe, baba yake ameshanunua unga wa kumetameta, kopo zima.

Mama wa Malkia

*

Marahaba, mwanangu.

Tausi anawezekana, na atapendeza. Mkia uliosimama hauwezekani kwa Radi, na heri ulisikie hilo kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Sababu umeshaiandika mwenyewe. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu kila kinachomzunguka, nyuzi 350 hivi kati ya 360. Kinachobaki gizani ni sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma kabisa ya mkia. Sasa iweke hiyo fremu pana juu ya makalio yake. Kingo zinaonekana kwa jicho la kushoto, zinapotea akinyoosha shingo, zinaibuka kwa jicho la kulia akigeuka, na kila akipiga hatua zinamfuata. Mnyama ambaye mababu zake waliishi kwa kukimbia chochote kilichowanyemelea kwa nyuma hutamweleza kuwa lile ni pambo. Na hatari yenyewe ndiyo hiyo: kinachomtisha kimefungwa mwilini mwake, kwa hiyo mbio hazimwepushi nacho. Atakimbia zaidi, na mtoto yuko juu.

Kuhusu binti, usianze na hapana. Mtafutie picha za tausi dume akitembea, au kama mna namna, mkamwone mwenyewe. Yale manyoya marefu yenye macho, ambayo hufika mita 1.5 hivi, si mkia hasa. Yanaota sehemu ya chini ya mgongo na kuufunika mkia wa kweli, ambao ni mfupi na wa rangi isiyovutia, na kazi yake kubwa ni kuyaegemeza yale marefu yanaposimama. Tausi hufungua mkia akiwa amesimama akijionyesha. Akitembea, manyoya yote yanalala nyuma yake, yamekunjwa, yakimfuata. Masharti yenu yanataka poni atembee. Tausi anayetembea ana mkia uliokunjwa, basi. Mchoro wa kwanza ndio uliokosea ndege. Ukishamwambia hivyo mpe karatasi achore upya, na umwachie yeye aamue rangi na mpangilio wa yale macho. Atabishana, lakini atabishana kuhusu rangi.

Tuje kwenye ushonaji. Nguo ya mtu tunaishona isifumuke. Nguo ya farasi tunaishona ifumuke, mahali tulipopachagua sisi. Kabla ya kupima chochote, kaa na binti muulizane: Radi akikanyaga pindo, akijikwaruza kwenye mlango, au akiruka pembeni kama anavyofanya, vazi hili litaachia wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalokupa umbo la vazi.

Mimi ningeligawa vipande viwili vinavyokutana kwenye tandiko. Kipande cha mbele kinafunika kifua na mabega, cha buluu. Cha nyuma kinaanzia nyuma ya tandiko na kushuka pande zote mbili za makalio, hicho ndicho mkia. Si ubunifu wangu huo. Tazama michoro ya farasi wa mashujaa wa Ulaya wa zama za kati, wale waliovishwa nguo ndefu zenye alama za koo: mara nyingi utaona nguo imekatika palipo tandiko, nyuma mbali na mbele mbali. Faida yake ni kwamba mpandaji hakalii nguo, na kila kipande kinaweza kuondoka bila kukivuta kingine.

Kipande cha nyuma kishikizwe kwenye kile kitambaa kinachokaa chini ya tandiko, kwa vishikizo viwili tu, karibu na uti wa mgongo, vikiachana kiganja kimoja. Hapa naomba uwe mkali. Watu wengi huweka kishikizo kimoja huku, kingine kule ubavuni, na kitanzi imara chini ya mkia, wakidhani ndiyo usalama. Kimoja kikikatika na vingine vikashika, vazi linaning'inia upande mmoja na kuburuzwa miguuni. Vazi lililoachia nusu ni baya kuliko lisiloachia kabisa. Vishikizo vikiwa viwili, pamoja, vya nguvu sawa, vitakatika pamoja na kipande kizima kitaanguka chini nyuma yake. Radi atashtuka, atatazama, basi.

Vishikizo hivyo vishone kwa uzi wa pamba mmoja, mishono mirefu ya milimita 5, na iwe michache. Mishono mingine yote ya vazi tumia uzi wa poliesta. Jaribu mezani: shika kishikizo, vuta kwa mkono mmoja kwa ghafla. Kisipofumuka, punguza mishono. Ukipenda Velcro, ule utepe wa kunatana na kubanduka, kipande cha sentimita 3 kinatosha, ila ule mlio wake wa kuchanika humtisha farasi asiyeuzoea, nitaurudia mbele. Ili upepo usiinue pindo, funga kila upande uzi mmoja wa sufu, ule wa kufumia sweta, hadi kwenye mkanda wa tandiko; jaribu kwanza kwamba unakatika ukivutwa kidogo. Pini za usalama zisiingie kwenye vazi hili hata moja. Zikifunguka, atakayejua wa kwanza ni Radi. Na usifunge kitu miguuni, wala kitu chochote kinachozunguka shingo bila mahali pa kukatika.

Kupima. Achana na futi, chukua kamba nyembamba ya pamba. Haina ubaridi, haina mlio, na haijirudishi ghafla. Piga fundo au weka alama ya chaki, kisha ukaipime mezani. Pima Radi akiwa ametandikwa, maana tandiko linakula nafasi. Unahitaji urefu kutoka nyuma ya tandiko hadi mkia unapoanzia. Kutoka uti wa mgongo kushuka ubavuni hadi juu kidogo ya goti la nyuma. Na kutoka ukingo wa mbele wa tandiko upande mmoja, kuzunguka kifua, hadi upande wa pili. Hicho kipimo cha kifua kichukue mara mbili, akiwa amesimama wima na akiwa ameinamisha kichwa hadi chini, mguu mmoja wa mbele ukiwa umetangulia. Tumia kilicho kirefu, kisha ongeza sentimita 8 hadi 10. Bega la farasi husogea sana anapotembea, na nguo inayoonekana imemkaa vizuri akiwa amesimama ndiyo itakayomchubua manyoya akianza kwenda. Pindo lote liishie upana wa kiganja juu ya magoti, mbele na nyuma. Mkia wake wenyewe uachwe nje, huru. Anauhitaji kwa nzi, na wewe unauhitaji ujue hali yake.

Kwanza kata kwa shuka kuukuu, piga bandi, mvishe, chora kwa chaki panapovuta. Usiruke hatua hii hata kama mikono inawasha kukata kitambaa chenyewe. Kwa mwili huu utahitaji kipande cha pembetatu pale bega linapokutana na mguu wa mbele, kazi yake kama ya kikwapa cha kanzu: bila hicho, kila hatua inalivuta vazi zima.

Kuhusu kitambaa, kichague kwa masikio. Kikunje na kukisugua karibu na sikio lako. Kikinong'ona, kwa Radi kinapiga kelele. Satini ngumu, tafeta, plastiki na karatasi za kung'aa ziache dukani. Ningechukua flisi nyepesi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi kinachoshonewa sweta za baridi. Haina mlio, ina uzito wa kutosha kulala bila kupepea, na ukiikata haichanuki nyuzi, kwa hiyo hutapiga pindo kwenye unyoya hata mmoja. Ubaya wake ni joto, nitausemea. Kwa poni wa kimo hicho, mita 2 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 zinatosha kwa vipande viwili vya msingi, lakini subiri shuka lako la majaribio likwambie. Manyoya na macho yake yanatoka kwenye mabaki ya rangi nyingine. Flisi huvutika zaidi upande wa upana. Upande huo uzunguke mwili, usifuate uti wa mgongo, la sivyo mkia utarefuka kadiri siku inavyokwenda. Ifue kabla ya kukata, iondoke harufu ya kiwandani, kisha iache siku chache karibu na matandiko yake.

Tumia sindano namba 14 yenye ncha ya mviringo, mshono wa milimita 3 au zaidi kidogo, na mishono yote igeukie nje. Najua mkono wako umezoea kinyume chake. Lakini nje utapafunika kwa manyoya, na ndani ndiko kwenye ngozi inayohisi nzi mmoja akitua. Pale kwenye kinundu cha mabega na kwenye kingo za mabega tia kipande cha bitana laini, kitelezacho, ili nguo isisugue.

Manyoya sasa, na hapa ndipo mtakapofurahi. Kata flisi kwa umbo la majani marefu ya kijani ya vivuli viwili vitatu, uyapange kwa safu ukianzia chini kupanda juu, kila safu ikifunika kichwa cha iliyo chini yake. Kwa poni mwingine ningesema uache ncha zielee. Kwa Radi, kila ncha ipigwe mshono mmoja wa mkono, isiinuke. Macho yashone kabla hujaunganisha jani na msingi, vinginevyo utakuwa unazungusha blanketi zima chini ya mguu wa cherehani. Mpangilio wake, kutoka nje kwenda ndani, ni kijani, kisha shaba au kahawia ya dhahabu, kisha feruzi, na katikati buluu nzito iliyobonyea upande mmoja mithili ya moyo. Pigia kingo zigizaga. Ya chini yawe makubwa, sentimita 12 hadi 14, na yapungue kadiri unavyopanda, kwa sababu ndivyo yalivyo kwa ndege mwenyewe. Usijaribu kuweka mia. Jaji amesimama mbali, poni anatembea; macho makubwa 25 yanaonekana, madogo mia yanageuka ukungu. Shanga na nakshi za uzi mwembamba ziweke kwenye mavazi ya binti, kama lazima.

Barakoa ya mjomba nayo tuizungumze. Farasi hupumua kwa pua tu, hawezi kuhamia kinywani akibanwa. Kwa hiyo hakuna kinachokaa juu ya pua wala kuizunguka. Macho yakizibwa hata kidogo, yale niliyoeleza mwanzo yanarudi mara mbili. Na masikio ndiyo yanayomwambia binti kinachopita kichwani mwa mwenzake, kwa hiyo yasivishwe kitu. Bahati nzuri tausi ana kishungi, vijiti vifupi vyenye ncha za buluu utosini. Kata kishungi cha felti, kile kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, cha sentimita 8 au 10, kiwe kigumu kiasi cha kusimama, ukishone kwa uzi wa sufu kwenye ule ukanda wa hatamu unaopita kwenye paji la uso, katikati ya masikio bila kuyagusa. Hakikisha hakitikisiki mbele ya macho. Usifunge pambo lolote kwenye lijamu, kile chuma cha kinywani, wala kwenye hatamu anazoshika mtoto. Shingo ningeiacha wazi. Sokota tu utepe wa buluu kwenye singa zake za shingoni, mfupi, usioning'inia. Kahawia ya Radi itaibeba vizuri.

Malkia naye apunguze joho. Lisipite ukingo wa tandiko, lisifike kwenye rikabu anapokanyaga mpandaji, na lisifungwe kooni. Lishike mabegani kwa vishikizo vya kukatika kama vya Radi. Mguu wake lazima utoke kwenye rikabu bila kutafuta njia katikati ya vitambaa, kwa hiyo suruali chini na sketi fupi iliyopasuliwa juu yake. Kofia ngumu haiondoki kichwani, na taji linakaa juu ya kofia, la felti, lenye lastiki nyembamba. Usiipake kofia rangi wala gundi, usiitoboe. Vimiminika vilivyomo kwenye gundi na rangi nyingi hudhoofisha gamba lake, na kwa macho hutaona kitu.

Kumzoesha Radi kuanze leo, kabla vazi halijakuwepo. Chukua kipande cha flisi cha ukubwa wa taulo ndogo. Mtu mmoja amshike kwa kamba. Usimfunge kwenye nguzo, maana farasi aliyefungwa akishtuka hupambana na nguzo. Mwache anuse. Mguse begani, ondoa. Mguse tena, shuka ubavuni, ondoa. Siri ni kukiondoa angali ametulia. Ukisubiri mpaka akimbie ndipo ukiondoe, umemfundisha kwamba kukimbia kunafanya kazi. Sogea kidogo kidogo hadi makalioni, kisha urudie yote upande wa pili toka mwanzo, kwa sababu kilichozoeleka kushoto kinaweza kumshtua kikitokea kulia. Dakika chache, mara nyingi, zinashinda saa nzima ya Jumamosi.

Kipande kidogo kikishakuwa jambo la kawaida, leta shuka la majaribio likiwa limekunjwa, ulikunjue juu ya mgongo wake pole pole. Mtembeze nalo. Mzungushe, msimamishe, mrudishe nyuma hatua moja, kwa kuwa akirudi nyuma ndipo pindo litakapomgusa miguu. Kisha nje penye upepo kidogo. Kisha vazi lenyewe, bila mtoto. Kama umetumia Velcro, ichanue mbali naye, halafu karibu, halafu ikiwa juu yake, mpaka asigeuze hata sikio. Binti apande mwisho, huku mtu mzima anaongoza kwa kamba.

Tazama mwili wake wakati wote. Akishusha kichwa, akilamba midomo, akipumua kwa kushusha pumzi ndefu, songa mbele. Akiinua kichwa juu, weupe wa jicho ukaonekana, mdomo ukakaza, mkia ukachapa, rudi hatua moja nyuma na umalizie siku hiyo hapo. Kipande cha nyuma kisipokubalika mpaka siku zimekaribia, kiondoe. Mpeleke na kifua cha buluu, kishungi na utepe wa singa, na yale macho uyahamishie kwenye joho la malkia. Ndiyo maana nilitaka vipande viwili.

Siku yenyewe mvishe mwishoni kabisa, muda mfupi kabla ya kuitwa. Flisi itamchemsha: pitisha mkono chini ya kitambaa nyuma ya kiwiko, na ukikuta majimaji mvue. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Hesabu ubavu unavyopanda na kushuka. Kipande cha nyuma hakivalishwi wala hakivuliwi mtoto akiwa juu. Binti ashuke kwanza. Anayeongoza kamba awe na mkasi wa ncha butu mfukoni. Na kumbukeni kwamba Radi atakutana na poni waliovaa visivyojulikana, na wao watakutana na tausi mwenye kwato. Simameni mbali na wenzenu, na mtakapoona mmoja anacheza vibaya, ondokeni mapema bila kuona haya.

Baba yake asikate tamaa, ana kazi. Waya hapana, hata uliofunikwa kwa kitambaa, maana ukipinda ncha hutoka. Gundi ya moto hapana pia: ikikauka inakuwa na kingo kali, na kilichobandikwa kinadondoka kimoja kimoja uwanjani. Mpe kamba ya kuongozea, awe ndiye mtu Radi amezoea kuwa naye kila siku ya mazoezi, na mzunguko wa kwanza atembee pembeni yake kwa nguo safi. Unga wa kumetameta usifike karibu na macho wala pua ya poni. Upakeni kwenye taji, ndani ya nyumba, ukauke, mlikung'ute sana, mlipake gundi ya maji juu yake ili usidondoke. Kopo zima halitaisha, lakini hilo ni la baba kulijibu.